Mfumo usimfungulie mlango mwenye akaunti ambayo haijaamilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya kuamilisha akaunti za mtandaoni, yaani kuzihakiki kabla hazijaruhusiwa kutumika, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo mwaka huu limemgusa mama yangu mzazi pamoja na akiba yake ya miaka 26. Ninaamini linawahusu wasomaji wako wote ambao ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, wazazi wanaofuatilia matokeo ya watoto kwenye tovuti za shule, na kila mtu ambaye taarifa zake zinakaa kwenye mfumo unaofunguliwa kwa nywila.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Chama chake cha akiba na mikopo sitakitaja jina, kwa sababu viongozi wake walinisikiliza na sehemu kubwa ya kasoro nitakazoeleza wameshairekebisha. Chama hicho kilifungua tovuti ambayo humwezesha mwanachama kuangalia salio la akiba na hisa zake, kuomba mkopo, na kukubali kumdhamini mwanachama mwenzake bila kufika ofisini. Mama alichelewa kujiunga nayo. Siku alipokwenda na kitabu chake cha akiba kuomba asaidiwe kujisajili, binti wa kaunta aliandika namba yake ya uanachama, akatazama skrini, kisha akamwambia, "Mama, mbona umeshajisajili tangu mwezi uliopita?" Mama akadhani kwamba alinituma mimi kisha akasahau, akanipigia simu pale pale kaunta. Sikuwa nimefanya jambo hilo, wala sikuwa naijua namba yake ya uanachama.

Baada ya siku mbili ukweli ulijulikana. Mtu ambaye aliijua namba ile alijisajili kwa jina la mama, akaandika namba ya simu ya kwake mwenyewe, akajichagulia nywila, na dakika hiyo hiyo akaingia. Kwa kutumia akaunti hiyo aliona akiba yote ya mama, na akakubali kwa niaba yake kuwa mdhamini wa mkopo wa shilingi 1,800,000 ulioombwa na mwanachama ambaye mama hamfahamu hata kwa sura. Fedha zilikuwa bado hazijatoka, kwa kuwa kamati ya mikopo ilikuwa haijakaa. Lau ingekuwa imekaa wiki moja kabla, mama angekuwa leo anadaiwa mkopo wa mtu mwingine.

Kazi yangu kwa miaka 11 sasa ni kutunza mifumo ya kompyuta ya ofisi ndogo ndogo, hivyo bodi iliniomba nikae na fundi aliyewatengenezea tovuti ili tuangalie pamoja lilipotokea tundu. Naomba nieleze tulichokiona, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kanzidata ya tovuti, kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, ni kama daftari la rejista lenye mistari na safu, ambapo kila mtumiaji ana mstari wake. Fundi aliufungua mstari wa mama. Palikuwa na namba ya uanachama, jina kamili, namba ya simu ya yule mgeni, nywila ikiwa imefumbwa kuwa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao hausomeki, tarehe ya kujisajili, na mwisho kabisa safu iliyoitwa "hali". Katika safu hiyo, 1 ilimaanisha kwamba akaunti imeamilishwa, yaani ofisi imeihakiki na kuiruhusu itumike, na 0 ilimaanisha kwamba bado. Mstari wa mama ulikuwa na 0.

Nilimwomba fundi anisomee tena, nikidhani nimekosea safu. Ilikuwa 0. Kanzidata ilikuwa na taarifa tangu siku ya kwanza kwamba akaunti ile haijahakikiwa na mtu yeyote, na mlango ukafunguliwa hivyo hivyo, kwa sababu ukurasa wa kuingilia uliiuliza kanzidata swali moja tu: je, namba hii na nywila hii vinalingana? Vililingana, kwa kuwa nywila aliichagua mgeni mwenyewe. Swali la pili, la kama akaunti imeamilishwa, halikuulizwa.

Fundi, ambaye ni kijana mwaminifu na hakuficha neno, alieleza kwamba swali hilo lilikuwepo hapo awali. Wiki tovuti ilipofunguliwa, wanachama wengi walijisajili kwa pamoja, karani wa kuhakiki alikuwa mmoja, na watu wakaanza kupiga simu wakilalamika kwamba wamejisajili lakini wanaambiwa wasubiri. Akaelekezwa aliondoe sharti hilo kwa muda hadi msongamano upungue. Msongamano ulipungua, lakini sharti halikurudishwa, na hakuna aliyekumbuka kuuliza, kwa kuwa mfumo ambao unaruhusu kila mtu hauleti malalamiko.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua yangu. Watu wengi, wakiwemo viongozi wa taasisi, wanaamini kwamba kama tovuti ina nywila basi ina ulinzi. Nywila inathibitisha jambo moja, nalo ni kwamba anayeingia leo ndiye yule yule aliyejisajili jana. Haithibitishi hata kidogo kwamba aliyejisajili jana ndiye mwenye jina aliloliandika. Mwizi aliyejisajili kwa jina la mama alikuwa na nywila sahihi kila alipoingia, na angeweza kuwa na nywila ndefu na ngumu kuliko ya meneja wa chama. Kazi ya kuamilisha akaunti ni kuliziba pengo hilo: pawe na tendo, lililofanywa na mtu au kwa njia ambayo mgeni hawezi kuifikia, linaloiunganisha akaunti na mwanachama wa kweli. Na tendo hilo halina maana yoyote kama mlango hauliangalii.

Nimesikia hoja kwamba kurekebisha jambo la namna hii ni ghali na kunahitaji kuandika mfumo upya. Hoja hiyo si kweli, na nataka wajumbe wa bodi zetu walijue hilo ili wasitishwe na makadirio ya gharama. Zana ambazo mafundi wetu wanazitumia kila siku zina nafasi ya sharti hili tayari. Apache, kwa mfano, ambayo ni programu ya seva, yaani ya kompyuta inayohudumia tovuti, ina moduli (kipande cha kuongezea) ya kuthibitisha watumiaji kupitia kanzidata, ambayo msimamizi huiandikia mwenyewe swali la kuitafuta nywila ya mtumiaji, na hakuna kinachomzuia kuongeza maneno machache ya kusema kwamba hali ya akaunti iwe 1. Kwa aliyetumia Laravel, ambayo ni zana ya kujengea tovuti, maelezo rasmi ya zana hiyo yanaonyesha mfano wa sharti la ziada linalowekwa pamoja na barua pepe na nywila, na mfano wanaoutoa ni huu huu wa akaunti iliyo hai. Django, zana nyingine ya aina hiyo, nayo humwekea kila mtumiaji alama ya kuonyesha kama akaunti yake ni hai au la, na tangu toleo la 1.10 la mwaka 2016 njia yake ya kawaida ya uthibitishaji humkataa ambaye alama yake imezimwa, hata kama nywila yake ni sahihi. Kwenye tovuti ya chama cha mama, fundi aliandika mstari mmoja. Nilikuwa nimekaa kando yake, na ilimchukua muda mfupi kuliko ule tuliotumia kumtafuta mwenye ufunguo wa chumba cha seva.

Hata hivyo, mstari huo mmoja haukutosha.

Sharti lilirudishwa siku ya Alhamisi saa nane mchana. Usiku wa siku hiyo, saa tatu na dakika kadhaa, kumbukumbu za seva zilionyesha kwamba akaunti ya mama imefungua ukurasa wa salio. Tulishangaa, kwa kuwa mlango tulishaufunga. Kumbe mgeni hakuwa amepita mlangoni. Alikuwa ndani tangu siku iliyotangulia na hakuwa ametoka. Mtu akishaingia kwenye tovuti, seva humpa alama ambayo kivinjari chake huitunza na kuionyesha kila anapofungua ukurasa, ili asiulizwe nywila kila mara, na kama alibonyeza kisanduku cha "nikumbuke" alama hiyo inaweza kudumu kwa wiki kadhaa. Mfumo wa chama uliuliza hali ya akaunti wakati wa kuingia tu, kisha ukaiamini alama ile bila kurudi kwenye kanzidata. Kwa maneno mengine, mtu aliyefutiwa ruhusa saa nane mchana aliendelea kusoma taarifa za mama hadi usiku. Ilibidi swali la hali lihamishwe, liulizwe kila ukurasa unapoombwa, na alama zote za zamani zifutwe siku hiyo. Wanachama wote walilazimika kuingia upya, na Ijumaa asubuhi simu za ofisi hazikunyamaza. Nadhani ilistahili.

Tulipoanza kutafuta njia nyingine, tulizipata. Ukurasa wa "nimesahau nywila" ulimtumia mtu namba ya uthibitisho kwenye simu, ukamruhusu kuandika nywila mpya, kisha kwa wema wake ukamwingiza ndani moja kwa moja bila kumrudisha kwenye ukurasa wa kuingilia. Njia hiyo haikupita kwenye sharti letu jipya. Programu ya simu ya mkononi, ambayo ilitengenezwa na fundi mwingine miezi sita baadaye, ilizungumza na kanzidata kwa njia yake yenyewe na ilikuwa na swali lake la kuingilia, la zamani, lisilo na sharti. Nyumba ilikuwa na milango mitatu na sisi tulikuwa tumetia komeo kwenye mmoja. Ushauri wangu kwa mafundi wenzangu ni kwamba uamuzi wa nani aingie uandikwe mahali pamoja tu ndani ya mfumo, na kila njia, iwe tovuti, iwe programu ya simu, iwe kubadili nywila, ipite hapo. Kuiandika hukumu hiyo hiyo mara tatu katika sehemu tatu ni kujitafutia siku ambayo moja itasahaulika.

Jambo la mpangilio wa maswali nalo si dogo. Katika matengenezo ya kwanza, mfumo ulikuwa ukiangalia hali ya akaunti kabla ya nywila, na ukajibu "akaunti hii haijaamilishwa" kwa yeyote aliyeandika namba ya uanachama na nywila yoyote ya kubahatisha. Kwa njia hiyo mtu angeweza kuandika namba moja baada ya nyingine na kujua ni wanachama gani wamejisajili lakini bado hawajaamilishwa, yaani orodha nzuri kabisa ya watu wa kupigia simu na kujifanya karani wa chama. Tuliubadilisha. Nywila ihakikiwe kwanza. Ikikosewa, jibu liwe moja tu kwa wote, kwamba taarifa si sahihi. Ikiwa sahihi, hapo ndipo mwenye akaunti aambiwe kwa lugha ya upole kwamba akaunti yake inasubiri kuamilishwa, na aelezwe aende wapi na abebe nini. Mzee anayekutana na ujumbe wa "hitilafu" peke yake ataandika nywila mara kumi akidhani amekosea herufi, kisha atakata tamaa na kumkabidhi simu kijana wa kibandani amsaidie, na kijana yule ataijua nywila.

Sasa nifike kwenye swali ambalo naliona gumu kuliko yote, nalo si la kompyuta: nani aiamilishe akaunti? Tovuti nyingi zimejibu kwa kumtumia mtu ujumbe mfupi wenye namba, au barua pepe yenye kiungo cha kubonyeza. Njia hiyo ina kazi yake, lakini hebu tuitazame katika tukio la mama. Mgeni aliandika namba ya simu ya kwake. Kama mfumo ungetuma namba ya uthibitisho, ungeituma kwa mwizi, naye angeiandika, na akaunti ingegeuka kuwa 1 kwa heshima zote. Kinachothibitishwa hapo ni kwamba aliyejisajili anayo simu aliyoitaja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na shaka nalo. Ili uthibitisho uwe na maana katika taasisi ambayo ina rejista yake ya wanachama, namba hiyo itumwe kwenye simu iliyomo kwenye rejista ya ofisi, ile ambayo mwanachama aliiandika kwa mkono wake wakati anajiunga, na kamwe isitumwe kwenye simu ambayo anayejisajili ameitaja dakika hiyo.

Na bado rejista yenyewe huwa imechakaa. Namba ya mama iliyokuwa kwenye kadi yake ya uanachama ni ya laini aliyoiacha zamani, na sote tunajua kwamba laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huweza kuigawa kwa mteja mwingine. Tulipoipiga, alipokea mama mmoja wa Iringa, mstaarabu, ambaye amekuwa na namba hiyo kwa miaka kadhaa. Kama chama kingetuma namba za uthibitisho bila kusafisha rejista, kingekuwa kinawapelekea watu wasiohusika funguo za akiba za wazee wetu. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ulikuwa na mwisho wake tarehe 20 Januari 2020, umesaidia kujua laini ni ya nani leo, lakini hausahihishi namba iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaka 2009.

Kwa sababu hiyo, kwa taasisi zenye fedha za watu, mimi nasimama na njia ya zamani: mwanachama afike mbele ya karani na kitambulisho na kitabu chake, karani alinganishe sura na picha, arekebishe namba ya simu kwenye rejista, kisha ndipo 0 iwe 1. Najua itasemwa kwamba tovuti ilianzishwa ili watu wasifike ofisini. Ni kweli, na anayetoka Mvomero au Kilosa kuja mjini anapoteza nauli na siku nzima. Lakini kuamilisha ni jambo la mara moja, na vyama vyetu vina mkutano mkuu kila mwaka ambako wanachama wanakusanyika na kusaini mahudhurio. Meza moja yenye makarani wawili na kompyuta, karibu na mahali pa kusainia, ingewaamilisha wengi kwa siku moja. Mawakala wa vijijini nao wangeweza kupewa kazi hiyo kwa siku maalumu zilizotangazwa. Msongamano wa wiki ya kwanza, ambao ndio uliosababisha sharti kuondolewa, ulikuwa tatizo la idadi ya makarani, na lilipaswa kutibiwa kwa kuongeza makarani.

Anayeamilisha naye aache alama yake. Tarakimu 1 peke yake haisemi ni nani aliyeiandika. Tuliongeza safu mbili, moja ya jina la karani na nyingine ya tarehe na saa, na tangu hapo mwenendo wa kaunta umebadilika kwa macho. Makarani wanakitazama kitambulisho kwa muda kidogo zaidi.

Kwa zile taasisi ambazo zitaendelea na namba za ujumbe mfupi, nina neno moja la kifundi. Namba ya tarakimu sita ina michanganyiko milioni moja, ambayo kwa mwanadamu ni mingi, lakini kwa kompyuta inayoachwa ijaribu bila kikomo ni kazi ya muda mfupi. Majaribio yawekewe ukomo, namba iishe nguvu baada ya dakika chache, na ikishatumika isitumike tena.

Upande wa pili wa jambo hili, ambao hausemwi sana, ni kuizima akaunti. Katika ofisi tatu nilizozihudumia mwaka jana, nilikuta akaunti za wafanyakazi walioacha kazi zikiwa bado hai, moja ya mtu aliyeondoka miaka minne iliyopita, ikiwa na uwezo wa kuona taarifa za wateja wote. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Aliyepokea barua ya kuacha kazi alidai funguo za ofisi na kitambulisho, akasahau kwamba ule mstari kwenye kanzidata nao ni ufunguo. Kwa wanachama waliofariki hali ni hiyo hiyo, na hapo uchungu ni mkubwa zaidi, kwa sababu anayejua nywila ya marehemu mara nyingi ni ndugu, na mirathi inakuwa haijafunguliwa. Baadhi ya ofisi, zikitaka kuwa waangalifu, huifuta akaunti kabisa. Nazisihi zisifanye hivyo. Ukiufuta mstari wa mtumiaji, miamala na idhini alizozitoa zinabaki bila mwenyewe, na mkaguzi akija hataweza kujua ni nani aliyeidhinisha mkopo fulani. Akaunti izimwe kwa kurudishwa kwenye 0, mstari ubaki na historia yake yote, na mlango uendelee kuuliza swali lake. Hata waandishi wa Django wanashauri hivyo hivyo katika maelezo yao.

Hili si suala la hisani ya fundi au ya meneja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeshafanya kosa la jinai kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na yule aliyejifanya mama ameripotiwa polisi. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitazama pia taasisi yenyewe, kwa kumtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika. Bodi ikiambiwa kwamba safu ya hali ilikuwepo, ikiwa na 0, na mfumo haukuiangalia, sijui itajitetea kwa maneno gani.

Nazungumza na wajumbe wa bodi za vyama, wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati zenye mifumo ya wagonjwa: hamhitaji kujua kuandika programu ili kulipima jambo hili. Chagueni mmoja wenu ambaye bado hajajisajili, ajisajili leo, na karani asimguse. Kisha ajaribu kuingia kwenye tovuti. Ajaribu kwenye programu ya simu. Ajaribu kupitia "nimesahau nywila". Akikataliwa kote, mwamilisheni, aingie, na akiwa ndani anaangalia salio lake, karani airudishe akaunti kwenye 0 na mjumbe yule abonyeze ukurasa unaofuata. Kama ukurasa huo utafunguka, mwiteni fundi wenu siku hiyo hiyo, na msikubali kuambiwa kwamba itashughulikiwa katika toleo lijalo.

Kwa mama, mambo yamekaa sawa kwa sehemu. Udhamini ule umefutwa kwa barua ya chama, na akaunti ya mgeni imezimwa. Yeye mwenyewe aliamilishwa Jumanne iliyopita. Karani alilinganisha picha, akamsomea namba mpya ya simu tarakimu moja moja, na mama akaomba aonyeshwe kwenye skrini ile 1 iliyoandikwa pamoja na jina la karani na saa. Bado hajakubali kumdhamini mtu kupitia tovuti, anasema atakwenda kusaini kwa mkono. Bodi imekubali jaribio nililolieleza hapo juu lifanyike mbele ya wanachama katika mkutano mkuu ujao, na mimi nitakuwepo kusaidia kwenye meza ya kuamilisha, kwa kuwa bado kuna wanachama wengi ambao mistari yao inasoma 0.

Mtunza mifumo ya kompyuta,
Morogoro